Limita: kuongeza ukubwa wa sauti bila kuharibu maneno

Ndugu, umeuliza kwa nini kipindi chako cha mazungumzo kinaanza kukwaruza kila unapokiongezea sauti kwa limita, yaani kichakata sauti kinachozuia vilele (sehemu zenye sauti kubwa zaidi) visivuke kikomo. Kwa maelezo uliyotoa, umeshusha mno kizingiti (kiwango cha sauti ambapo limita huanza kubana), kiasi kwamba limita inabana karibu kila silabi badala ya kugusa vilele tu. Weka kwanza kikomo cha juu kwenye desibeli -1, ili faili likigeuzwa kuwa MP3 vilele visivuke mpaka. Kisha shusha kizingiti polepole huku ukitazama mita ya upunguzaji (inayoonyesha limita inapunguza sauti kwa desibeli ngapi), na usiiache ipite desibeli 3 au 4 hata mgeni wako anapocheka kwa nguvu. Muda wa kuachia, yaani muda ambao limita huchukua kuacha kubana baada ya kilele kupita, ndio unaodai subira kubwa zaidi: ukiwa mfupi mno, sauti nzito hukwaruza, na ukiwa mrefu mno, neno linalofuata kicheko huzama, kwa hiyo anzia milisekunde 100 hivi na usikilize kwa makini miisho ya maneno. Ikiwa sauti bado ni ndogo, tanguliza kompresa kabla ya limita, ili ipunguze tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. YouTube hushusha sauti inayozidi takriban LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), hivyo kubana kupita hapo kunakupotezea uwazi bila kukuongezea chochote.