Re: Mwaka wa safari za chakula na mvinyo, nianzie wapi?
Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi. Njoo Malindi Januari, kaskazi ikivuma na bahari imetulia. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, ule zikiwa bado moto, tui zito limeshikana na mbaazi. Jioni tambi kwa kamba na glasi ya mvinyo mweupe kwenye migahawa ya Waitaliano, ambao wamekaa hapa miaka mingi. Machi uko Stellenbosch, Afrika Kusini, zabibu zikivunwa. Lamu usiiruke, ila mji wa kale ni wa Waislamu: kule shushia samaki wa kupaka kwa maji ya ukwaju. Mimi nadunduliza pesa nikaone mizabibu ya Dodoma, na siku nazihesabu.