Everolimasi pamoja na kabamazepini kwa mtoto mwenye TSC

Pole kwa mauguzi, dada. Umeuliza kama binti yako wa miaka 4 mwenye TSC (tuberous sclerosis complex, ugonjwa wa jeni unaoleta uvimbe kwenye ubongo na viungo vingine) anaweza kuanza everolimasi huku akiendelea na kabamazepini, dawa ya degedege. Anaweza, ila dozi ipangwe kwa kuzingatia hilo.

Jeni za TSC1 na TSC2 hutengeneza protini zinazoidhibiti kinase (aina ya kimeng'enya) iitwayo mTOR, inayoamuru seli zikue. Jeni mojawapo ikiharibika, mTOR hukosa breki tangu mtoto akiwa tumboni. Seli za ubongo hukua kupita kiasi, hujipanga vibaya, na degedege huanzia hapo. Everolimasi huizuia mTOR.

Tatizo ni kwamba kabamazepini, kama fenitoini na fenobabitali, huchochea ini kuivunja everolimasi haraka. Mtoto anameza dawa kila siku, lakini kwenye damu imebaki kidogo. Usimwachishe kabamazepini ghafla, ni hatari. Omba kipimo cha kiwango cha everolimasi wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi. Damu itolewe kabla hajameza dozi ya siku hiyo, la sivyo jibu litapotosha. Lengo ni nanogramu 5 hadi 15 kwa mililita.

Klarithromaisini (antibiotiki), flukonazoli (dawa ya fangasi) na balungi hukipandisha kiwango hicho. Chanjo hai (zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa), kama ya surua, zijadiliwe na daktari kabla ya kuanza.

Vidonda vya mdomo hutokea sana. Homa usiisubiri, maana dawa hii hushusha kinga: mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Degedege ikizidi dakika 5, ni dharura.