Jurançon isiyoandikwa "sec": usilipie kwanza

Mkuu, usilipie hizo katoni! Unasema unataka mvinyo mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wa kushushia samaki kwenye komunyo ya binti yako huko Brussels, na unauliza chupa ngapi, glasi gani, zipozwe kiasi gani. Picha uliyoweka nimeikuza: lebo imeandikwa Jurançon, basi. Neno "sec", yaani "mkavu" kwa Kifaransa, halipo. Huo ni mvinyo mtamu.

Mimi yalinikuta Toulouse, sendofu ya mdogo wangu. Nilimwambia muuzaji waziwazi: nataka mkavu, mchachu, nina kamba na samaki wa kuchoma. Akajibu "Jurançon, ndiyo wenyewe," akanipakilia chupa 24. Hakugeuza hata moja kusoma lebo. Samaki wametoka jikoni na ndimu na pilipili, tunafungua, tunaonja: asali! Nanasi, embe lililoiva, sukari imeganda mdomoni. Baba mkwe mtarajiwa alipiga funda moja, akaisogeza glasi pembeni, akaomba maji. Nikatoka mbio kutafuta mwingine. Jumapili jioni, maduka yamefungwa. Mdogo wangu alilia chooni. Yule bwana sijamsamehe mpaka leo. Kazi yake ni kuuza mvinyo, na hilo mtu anapaswa kulijua kabla hajapewa funguo za duka! Wala usinicheke, maana wewe umebakiza kutoa pochi tu.

Ufaransa, jina Jurançon peke yake ni la mvinyo mtamu, tangu 1936. Mkavu ulipewa jina lake, Jurançon Sec, mwaka 1975. Vilima ni vilevile karibu na mji wa Pau, chini ya milima ya Pyrenees, na zabibu ni zilezile, Gros Manseng na Petit Manseng. Kinachotofautisha ni mavuno. Za mkavu huchumwa mapema. Za mtamu huachwa mzabibuni hadi Oktoba, hata Novemba, upepo wa joto wa kusini uzinyaushe, maji yapungue, sukari ibaki. Mkulima huyohuyo anauza zote mbili, na chupa zinafanana kama pacha.

Sec yenyewe ni raha: balungi, ndimu, uchachu unaosafisha mafuta ya samaki ukatamani tonge lingine. Ipoze digrii 8 hadi 10.

Rudi dukani, geuza chupa mbele na nyuma. Kama haijaandikwa sec, irudishe rafuni hata muuzaji akiapa. Katoni ikiwa imefungwa, aifungue mbele yako.