Paka, Chandarua na Mume Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa dagaa. Nilikuwa nimehamia Dar, chumba kimoja cha kupanga Temeke, nikaokota kitoto cha paka chini ya meza ya muuza chipsi. Kidogo hivi, rangi tatu zimechanganyika kama kashata iliyoungua ukingoni, nikamwita Kashata. Mvua za masika zilikuwa zinapiga bati usiku kucha na yeye anatetemeka. Nikampandisha kitandani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ilipoadhiniwa alfajiri nikaamka kuswali, na kwa kuwa nimeshaamka nikamtupia dagaa watatu. Kesho yake tena. Wiki ya pili Kashata hakumngoja mwadhini. Saa kumi na robo usiku kiganja chake kiko juu ya kope zangu, kucha kazificha, anabonyeza taratibu kama mtu wa sokoni anayepima embe kama limeiva.

Wahenga walisema paka hakubali kulala chali. Hawakumwona huyu, aliyekuwa akilala tumbo juu katikati ya godoro la futi nne, mimi nimebanwa ukutani.

Kila nikiweka picha yake status lazima nipate ujumbe: "We dada, unalala na paka kitanda kimoja?" Wengine wanauliza kwa mshangao, wengine kwa sababu wao pia wanalala naye ila hawajapata wa kumwambia. Jibu langu limebadilika mara kadhaa katika miaka hii saba. Nitaeleza lilivyobadilika, na kwa nini leo nikiulizwa huanza kwa kuuliza: chandarua chako kikoje?

Niondoe kwanza la dini, maana kwetu Tanga ndilo huja mbele. Madrasa tulifundishwa kisa cha Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe. Mke wa mwanawe akabaki anamtazama, ndipo akamweleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia majumbani. Mbwa ni habari nyingine. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo nyumba nyingi za pwani mjadala wa mbwa kitandani hauanzi kabisa. Ila nilichelewa kuelewa kwamba twahara ni jambo moja na afya ni jambo jingine. Kiroboto hajasoma fiqhi.

Viroboto niliwagundua kwenye foronya. Ilikuwa nyeupe, na asubuhi moja nikaona vidoadoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nilidhani ni vumbi la dari. Nikavipangusa kwa kitambaa chenye maji, vikaacha michirizi myekundu. Ile ni damu: kinyesi cha kiroboto ni damu aliyoinyonya, imekauka tu. Tangu siku hiyo ndicho kipimo changu, na hakina gharama. Mchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu, kung'uta kinachotoka juu ya karatasi ya chooni iliyoloweshwa, subiri kidogo. Kikichuja wekundu, una wageni. Na usihangaike na paka peke yake. Kiroboto hutaga akiwa mwilini mwake lakini mayai hayashiki kwenye manyoya, huporomoka pale mnyama anapolala. Akilala kwenye godoro lako, basi kitalu ni godoro lako. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro litolewe juani, na chini ya kitanda pafagiliwe mpaka kwenye pembe zile ambazo ufagio huwa hauziendei.

Hapa ndipo nilipokaribia kumuua. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikasema nataka dawa ya viroboto. Muuzaji akanipa chupa ya kuogeshea mbwa, akaniambia kwa paka ni ileile, nipunguze kipimo tu. Nikampaka Kashata saa kumi jioni. Saa kumi na mbili alikuwa anadondosha mate, masikio yanarukaruka yenyewe, miguu ya nyuma imekataa kumbeba. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamfunga kwenye khanga, tukapanda bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo. Yule daktari hakumtazama paka kwanza, alitaka chupa. Akaweka kidole kwenye neno moja: pemethrini. Mbwa huihimili, paka hapana, kwa sababu ini la paka halina njia ya kuivunja sumu hiyo ikatoka mwilini upesi. Alikaa naye siku mbili. Bili niliilipa kwa mafungu, na sijawahi kuilalamikia.

Kwa hiyo sikia: dawa ambayo kibandiko chake hakikuandikwa paka usimpake paka, hata muuzaji aape. Na ukiwa na mbwa na paka nyumba moja, ukampaka mbwa dawa ya aina hiyo, usiwaache walale pamoja mpaka imkauke.

Mengine nayapitia haraka. Ukiona karibu na mkia wake, au kwenye shuka, vitu kama punje za mchele, vingine vinajisogeza, hizo ni pingili za tegu, na huyo tegu hupitia kwa kiroboto anayemezwa paka akijiramba. Mtoto mdogo akimeza kiroboto naye humpata. Mimi nilipata choa, duara jekundu mkononi, na nilipomkagua Kashata nikakuta nywele zimenyofoka nyuma ya sikio. Tulitibiwa wote wawili. Ukijitibu peke yako, mtarudishiana.

Basi nilikuwa nimeshayamudu hayo yote, paka ana chanjo, hana minyoo, analala kifuani pangu anakoroma, nikaolewa.

Mume wangu alikuja na masanduku mawili na pumu. Hakuwahi kuniambia nichague. Alipiga chafya wiki nzima, kisha usiku mmoja akaniambia kwa upole, "Mke wangu, mimi naomba tu upande wa kichwani." Kashata akashushwa miguuni. Nikafikiri nimnyoe, maana kila mtu anasema tatizo ni manyoya. Si manyoya. Kinachowasumbua wengi ni protini iliyomo kwenye mate na mafuta ya ngozi yake. Akijiramba anaipaka mwili mzima, ikikauka inapeperuka hewani na kukaa kwenye foronya na mapazia. Paka aliyenyolewa bado anajiramba. Tulichofanya ni kubadilisha foronya kila baada ya siku mbili, kutoa zulia, na kufungua madirisha mchana. Chafya zilipungua, hazikuisha. Kama mwenzako akipata shida anabanwa kifua na kutafuta kivuta pumzi usiku, mimi naona hakuna cha kujadili. Paka alale sebuleni.

Sasa chandarua. Makala nyingi nilizosoma kuhusu kulala na paka zimeandikwa na watu wasiolala ndani ya neti, na inaonekana. Kashata hana usiku mmoja. Anaingia saa tatu, saa saba anataka kutoka, anainua pindo kwa kichwa na kupita. Saa tisa anarudi. Neti niliyoichomekea vizuri chini ya godoro, akishapita mara mbili tayari upande mmoja unaning'inia, na mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia usiku wa manane mpaka kunapambazuka, saa zilezile ambazo sisi tumelala fofofo. Na alipokuwa mdogo aliipanda kama baharia anayepanda mlingoti. Siku moja niliishusha kuifua, nikaitandaza kwenye kamba, nikahesabu matundu kumi na manne. Nilikuwa nimejifunika kichujio cha nazi kilichotoboka, najiona nina kinga.

Masika ile mimi na mume wangu tuliugua malaria. Siwezi kuapa kwamba mbu alipita tundu la Kashata. Lakini nilipotoka zahanati na vidonge vyangu nilichukua sindano na uzi kabla sijachukua uji.

Kisha nikapata ujauzito. Kliniki ya kwanza nikapewa chandarua kipya chenye dawa, nikaambiwa nikitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Wiki hiyohiyo mama akafika kutoka Tanga. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaingia chumbani kuweka mkoba, akatoka taratibu.

"Mwanangu, kile kitanda mwalala wangapi?"

"Watatu, mama. Wa nne yuko njiani."

"Yule wa tatu nimemwona ana mkia."

Alitaka paka aondoke siku ileile, kwa kuwa kila mtu mtaani anajua paka ni hatari kwa mjamzito. Muuguzi ndiye aliyetupatanisha. Ugonjwa wenyewe, unaoletwa na kijidudu kiitwacho toksoplasma, hutoka kwenye kinyesi cha paka, haumrukii mtu kwa kulala naye. Na vijidudu vikitoka tumboni mwa paka vinahitaji kati ya siku moja na tano kabla havijaweza kuambukiza. Choo kikisafishwa kila siku, kinyesi hakipati muda huo. Kazi hiyo aifanye mtu mwingine, si mjamzito. Mimi ninawe mikono nikishika udongo au mboga za bustanini, na nyama iive barabara, kwa sababu nyama mbichi nayo huambukiza. Nikamtazama mume wangu. Miezi saba mfululizo alizoa mchanga wa Kashata kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kabana pua kwa tai.

Mama akakubali paka abaki nyumbani. Kitandani hakukubali, na kwa sababu ya neti mpya nilikubaliana naye, ingawa nilichukua siku mbili kumwambia.

Kuna utafiti wa Mayo Clinic kule Marekani, wa mwaka 2017, uliowafuatilia watu 40 wanaolala na mbwa wao. Waliolala na mbwa chumbani hawakuwa na usingizi mbaya, ila mbwa alipopanda kitandani usingizi wa mwenyewe ulipungua ubora kidogo. Ni mbwa, si paka, na ni watu 40 tu. Ila uliniondolea kitu moyoni, maana nilikuwa nadhani kumshusha ni sawa na kumfukuza.

Nilichukua kapu la ukili la mama, nikaliweka juu ya stuli, usawa wa godoro, nje ya neti, upande wangu. Ndani nikaweka khanga niliyoivaa siku mbili bila kuifua, ili inuke mimi. Chakula nikakihamisha: badala ya dagaa wa alfajiri akawa anakula saa nne usiku, tukishacheza naye kwa kamba mpaka achoke. Paka ni mnyama wa machweo na mapambazuko, huwezi kumbadilisha, ila akishiba usiku anachelewa kukumbuka tumbo. Akilia saa kumi, usiinuke. Nasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo wengi tunashindwa. Ukiinuka usiku wa tano baada ya kuvumilia minne, umemfundisha kwamba dawa ni kulia siku tano. Mimi nilishindwa mara moja, nikaanza upya. Usiku wa kumi na moja akapanda kapuni mwenyewe, akajizungusha mara tatu, akalala, na akanipa mgongo.

Mtoto alipozaliwa sheria ikawa ngumu zaidi: chumba alicholala mtoto, paka nje na mlango umefungwa. Paka hana nia mbaya, anafuata joto tu, lakini mtoto wa wiki tatu hawezi kumsukuma paka aliyejilaza usoni pake. Hili sitaki ushahidi wala ubishi. Mtoto alipohamia chumba cha dada yangu, Kashata akarudishiwa kapu lake.

Wenye mbwa mnaniuliza pia, na jirani yangu mmoja, mtu wa Moshi, ana mbwa analala miguuni kwake. Ninachomwambia ni chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka na cheti kiwepo, kwa sababu binadamu karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa. Mnyama usiyejua historia yake akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mkwaruzo. Na mbwa anayezurura mtaani mchana kutwa asipande kitandani usiku. Jirani ananisikiliza, anatikisa kichwa, kisha usiku anampandisha vilevile. Ni kitanda chake.

Kwangu, usiku taa ikizimwa, Kashata hutoka kapuni na kuja kuegemea neti kwa nje. Uzito wake unaisukuma ndani mpaka kitambaa kinagusa shavu la mguu wangu, na joto lake linapita. Najua mbu humuuma mtu kupitia neti iliyogusana na ngozi. Navuta mguu. Naye anasogea.