Agizo la malezi hubadilishwa kwa hali ya mtoto, si kwa mshahara wako

Ndugu, umeuliza kama kupandishwa cheo na kuhamia nyumba ya vyumba vitatu kule Ruaka kunatosha kuifanya mahakama imhamishie kwako mwanao wa miaka 7, ilhali mama yake ndiye aliyekabidhiwa malezi mlipotalikiana. Kwa niliyoyapitia katika mahakama za Milimani, Nairobi, hakutoshi, na ombi langu la kwanza lilitupwa kwa sababu niliwaza kama unavyowaza wewe.

Katika hati ya kiapo nilieleza mshahara, gari na, kwa kurasa mbili nzima, makosa ya mama mtoto enzi za ndoa. Hakimu wa Mahakama ya Watoto hakujishughulisha na hayo. Alitaka kujua ni nini kilichobadilika katika maisha ya mtoto tangu agizo litolewe, na kama kina uzito wa kutosha hata mtoto ang'olewe alikozoea. Sikuwa na jibu. Alisema kwamba pesa zangu zingeweza kumfikia mtoto kama matunzo bila yeye kuhama. Niliudhika sana siku ile. Leo naona hakukosea.

Msingi wake ni Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya, inayoyapa maslahi ya mtoto umuhimu mkuu katika kila jambo linalomhusu, pamoja na Sheria ya Watoto ya 2022 iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Ibara hiyohiyo inawapa mama na baba wajibu sawa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mwanamume hana lake. Hata hivyo, kwa mtoto mdogo mahakama zetu kwa miaka mingi zimeelekea kumwachia mama isipokuwa pawe na sababu isiyo ya kawaida, na anayeomba badiliko ndiye anayetakiwa kuithibitisha.

Miaka miwili baadaye hali ilibadilika kweli. Mama alianza kazi ya zamu za usiku, binti yetu akawa analala kwa jirani, na rejista ya shule ikajaa siku za kukosa. Safari hii nilipeleka nakala ya rejista na barua ya mwalimu wa darasa, lawama nikaziacha nyumbani. Mahakama iliagiza afisa wa watoto achunguze. Alifika kwangu na kwa mama, akatazama mahali mtoto anapolala, akaniuliza ni nani anayebaki naye jioni ninapokwama kwenye msongamano wa Thika Road (swali ambalo wakili wangu hakuwa ameniandalia), kisha akazungumza na mtoto faraghani. Ripoti yake ilisikilizwa kuliko maneno yetu sote. Binti alikuwa amefika miaka 11, na matakwa yake yalizingatiwa, ingawa si peke yake yaliyoamua.

Tulipewa malezi ya kisheria kwa pamoja, yaani sote wawili tuna haki na wajibu wa mzazi juu yake; anaishi nami siku za shule, na kwa mama yake wikendi na nusu ya likizo.

Nakusihi usimchukue mtoto Ijumaa ukakataa kumrudisha Jumapili. Agizo lililopo linabaki kuwa agizo hadi libadilishwe, na ukilikiuka unaweza kujikuta ukijibu shtaka la kudharau mahakama kabla ombi lako halijasomwa. Kama mama mwenyewe anaona haja ya mabadiliko, andikeni makubaliano muyapeleke mahakamani yaidhinishwe. Sisi tulikuja kukubaliana karibu yote kwenye benchi la nje, baada ya miezi minane ya kuahirishiwa kesi.