Akiba Iwekwe Urefuni, Siyo Upanani

Mmeuliza wiki hii: "Mtoto anakua kila uchao, je, kuna faida yoyote kumshonea nguo nyumbani?" Faida ipo. Mimi imenigharimu nguo kadhaa zilizoharibika hadi kuiona, kwa hiyo naomba nianzie kwenye uharibifu.

Nguo ya kwanza niliyomshonea binti yangu ilikuwa gauni, naye alikuwa na miaka 2 na nusu. Nikawaza, huyu anakua, basi nimpunjie nini? Kifuani nikaongeza sentimita 10, mabega nikayaachia, makwapa nikayashusha. Alipolivaa, shingo iliteleza ikaishia kwenye kiwiko, akawa anatembea huku amelishika bega lisimvuke. Mama yake akamtazama, kisha akanigeukia: "Baba Neema, mtoto umemvika hema?" Tukalitia kabatini tukisubiri akue. Mabega yalipokuja kumkaa sawasawa, pindo lilikuwa limeshapanda juu ya magoti.

Hapo ndipo nikachukua futi, nikawa nampima kila baada ya miezi mitatu na kuandika kwa penseli upande wa ndani wa mlango wa kabati. Mtoto wa kati ya miaka 3 na balehe huongezeka urefu kiasi cha sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Kiuno, mwaka huohuo, huongezeka sentimita moja, labda mbili. Kumbe mtoto hafutuki, anarefuka! Mimi nilikuwa nimemshonea mtoto anayefutuka. (Mtoto mchanga ana hesabu yake: mwaka wa kwanza huongezeka karibu sentimita 25. Huyo simshonei kitu cha maana, maana hata hujamaliza kushulu pindo nguo imeshambana.)

Siku hizi kifua na mabega nakata kwa kipimo cha leo, nikiacha ulegevu wa kuchezea tu, na akiba yote naificha chini. Pindo la gauni nakunja sentimita 8. Juu yake naweka mikunjo miwili ya kuzunguka sketi, kila mmoja wenye kina cha sentimita 2. Mkunjo wa sentimita 2 unameza kitambaa cha sentimita 4, kwa hiyo miwili inatunza 8, na pindo lenyewe litatoa 5 nyingine nikiliteremsha. Mikunjo naishona kwa hatua ndefu, milimita 4, kwa sababu najua ipo siku nitaifumua.

Na kufumua kwenyewe ndiko raha. Binti anakaa mkabala nami, ameivuta sketi kwa mikono miwili iwe kama ngozi ya ngoma. Upande wa juu nakata kwa ncha ya wembe kila mshono wa nne, kisha nageuza na kuuvuta uzi wa chini. Ukiwa na bahati unatoka mzima kama mnyoo. Mara ya kwanza mkunjo ulipofunguka palitokea ukanda wa bluu iliyokolea, wakati gauni zima lilikuwa limeshapauka kwa kufuliwa. Mimi nikaona aibu, nikatafuta lasi ya kufunika. Yeye akapitisha kidole juu ya ule ukanda, akasema, "Baba, hapa bado mpya." Lasi akaikataa katakata, na mwaka uliofuata alinikumbusha mwenyewe kwamba kuna mkunjo mmoja umebaki.

Gauni ni jepesi, suruali ndiyo iliyonitia adabu. Ya mdogo wake niliikunja miguuni vizuri kabisa, nikajipongeza. Miezi michache baadaye akachuchumaa kuokota mpira, mshono wa katikati ukaachia kwa sauti tuliyoisikia wote. Miguu ilikuwa bado na akiba tele. Kilichokwisha ni ile njia inayotoka kiunoni mbele, kupita katikati ya mapaja, hadi kiunoni nyuma. Nayo inakua, na hakuna pindo la kuiteremshia. Sasa nyuma nakata juu zaidi ya mbele kwa sentimita 3, kwa sababu mtoto akichuchumaa huko ndiko kunakovutwa, na kiunoni nakunja kitambaa cha ziada kwa ndani, pale panapopita lastiki. Ikibana, nafumua kiuno, nainua, natia lastiki nyingine. Katikati ya mapaja naweka kipande cha pembe nne kama kile kinachowekwa kwapani ili mkono uinuke.

Kitambaa cha pamba kifueni kabla ya kukata, tafadhali. Kikirudi asilimia 5 tu, gauni la sentimita 60 limepoteza sentimita 3, na hiyo ni akiba yako imenywewa na beseni.

Kuna wakati nilitaka kutia kamba shingoni, niwe naikaza na kuilegeza kadiri anavyokua. Niliacha. Kamba hunasa kwenye vyombo vya kuchezea na milango ikamkaba mtoto. Kiwango cha usalama cha Ulaya, EN 14682, hakiruhusu kabisa kamba za kukaza shingoni na kwenye kofia za nguo za watoto walio chini ya miaka 7. Badala yake naweka kifungo kimoja nyuma ya shingo, nacho nakishona mara mbili mbili, maana mtoto mdogo hukitafuna.

Fulana, chupi na soksi nanunua. Vitambaa vyake vinavutika, cherehani yangu inaruka mishono, na sioni sababu ya kugombana nayo usiku kwa ajili ya soksi. Na anayeshona ili aokoe muda ajue amepotea njia: gauni moja lenye mikunjo linanila jioni tatu.

Lile hema lilikaa kabatini hadi juzi, nikalitandaza mezani na kuweka juu yake karatasi ya mkato wa suruali ya mdogo wake. Upana ulitosha na kubaki. Nimekata mfuko pia, wa kutilia mawe yake.