Mshike mgonjwa wako hata pasipo na kazi ya kufanya

Nilimuuguza baba miezi miwili kabla sijagundua kwamba mikono yangu ilikuwa inamgusa kwa kazi tu. Nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, nikamwogesha, nikambadilishia shuka, nikampima presha. Kila nilipomsogelea alikaza bega la kushoto, lile zima, kama mtu anayesubiri sindano. Kiharusi kilikuwa kimemwachia upande wa kulia mzito na maneno yanayotoka nusu nusu, kwa hiyo hakuweza kunieleza. Mimi nilidhani ni maumivu.

Aliyenifungua macho ni dada wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija nyumbani. Siku moja aliniuliza, "Kaka, ukishamaliza kumwogesha mzee, huwa unamshika tena?" Nilikosa jibu. Tumekulia kwenye nyumba ambayo baba anaamkiwa, hakumbatiwi. Na shikamoo yenyewe, wanavyotuambia wazee, asili yake ni nashika miguu yako. Neno tumebaki nalo, kushika tumekuacha.

Nikaanza kusoma. Niliyoyakuta yalinibadilisha, nayaandika kwa ajili ya yeyote ambaye leo ana mgonjwa ndani.

Mishipa ya fahamu ya ngozini si ya aina moja. Ipo minene, iliyovikwa utando wa mafuta, ambayo hupeleka habari kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde: umeguswa wapi, kwa nguvu kiasi gani, kwa kitu chenye ncha au butu. Ipo pia myembamba isiyo na utando huo, ambayo habari zake huenda kama mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Kati ya hii myembamba kuna kundi ambalo mtafiti Yngve Zotterman aliliona kwa paka mwaka 1939. Kwa binadamu, watafiti wa Sweden akiwemo Åke Vallbo walilifuatilia kwa kuingiza sindano nyembamba mno kwenye mshipa wa mtu akiwa macho. Wakakuta linaitika zaidi ngozi inapopapaswa taratibu, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na kwa kitu chenye uvuguvugu wa ngozi ya mtu mwingine. Ukipitisha mkono mbio, linapunguza sauti. Ukiuweka mkono pale pale bila kuusogeza, linatulia pia.

Kuna kisa kimoja ambacho sikisahau. Mwaka 2002 Håkan Olausson na wenzake walichapisha habari za mwanamke ambaye maradhi yalimharibia ile mishipa minene. Walipompapasa mkono kwa brashi laini, alihisi kitu hafifu, lakini cha kupendeza. Picha za ubongo wake zilionyesha kwamba sehemu zinazotambua mguso wa kawaida zilikuwa kimya, ila insula ilikuwa kazini. Insula imejificha ndani ya mkunjo wa pembeni wa ubongo, na ndiko zinakofika habari za hali ya mwili: joto, maumivu, mapigo ya moyo. Yaani mguso wa pole una njia yake, na njia hiyo inaishia mahali ambapo mwili unajiuliza kama uko salama.

Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Mikono yangu ya sabuni na shuka ilikuwa ya haraka, ikizungumza na ile mishipa minene peke yake.

Nikaanza na mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio uliokuwa ukihisi vizuri. Nilisugua viganja vyangu kwanza vipate joto, nikatia mafuta ya nazi kidogo, nikapapasa kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko huku nikihesabu moja mpaka sita, polepole. Kisha nikarudi. Dakika kumi, asubuhi, wakati wa taarifa ya habari. Nilichagua mkono na mgongo kwa sababu mishipa ile iko zaidi kwenye ngozi yenye vinyweleo. Kiganjani ni adimu mno. Siku ya kwanza bega lilikaza vile vile. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi nilipoona limeshuka, lakini nakumbuka asubuhi niliyochelewa jikoni nikamkuta ameshavuta mkono wa shati kwa meno, ngozi iko wazi, anautazama mlango.

Usinielewe vibaya: sisemi hii ni dawa ya kiharusi. Vidonge vya presha alivinywa, mazoezi aliyafanya. Nasema tu kwamba mtu anayeguswa kwa kazi peke yake ananyimwa kitu ambacho mwili wake umeumbwa kukipokea. Wenye watoto njiti wanalijua hili kuliko sisi. Utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Nigeria, Ghana na India, matokeo yakatoka mwaka 2021, ulionyesha kwamba kumweka kichanga kifuani ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali yake itengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25.

Jambo ambalo watu wengi hawalizingatii ni nani anayegusa. Ubongo hauhesabu mwendo wa mkono tu, unamhesabu na mwenye mkono. Tazama sokwe wanavyochambuana manyoya. Wale wa msitu wa Budongo, Uganda, walipimwa mkojo baada ya kuchambuana, na matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha oksitosini, homoni inayojenga ukaribu, iko juu zaidi sokwe anapochambuana na rafiki yake kuliko na asiye rafiki. Vidole ni vile vile. Kwa hiyo ukimwajiri kijana wa kukusaidia, mwache kwanza azoeane na mzee kwa maneno, na kazi hii ya mafuta usimwachie yeye yote. Na mtoto asiyetaka kukumbatiwa na mgeni, msimlazimishe kwa jina la adabu.

Hata mimi mwenyewe huomba ruhusa. Namwamkia, nasubiri marahaba yake inayotoka kwa shida, namwonyesha kichupa. Akiinua kidole tunaanza. Ziko asubuhi anaurudisha mkono chini ya shuka. Huwa nafunga kichupa, navuta kigoda, tunasikiliza redio.